Funguo za Ghala: Waitalia na Akiba ya Nafaka

Mwaka 51 baada ya Kristo, Kaizari Claudius alikuwa ameketi akiamua kesi katika uwanja mkuu wa Roma, umati ukamzingira. Walimtukana, wakamrushia maganda ya mkate mkavu, wakamsukuma hadi pembeni, mpaka askari wakalazimika kupasua njia na kumtoa. Inasemekana aliingia kwake kwa mlango wa nyuma. Mwanahistoria Tacitus ameandika kwamba siku zile chakula kilichobaki mjini kilikuwa cha siku 15 tu.

Roma ilikuwa na watu wanaokaribia milioni moja, na mashamba ya jirani yasingeweza kuwalisha. Ngano ilitoka Sicilia, Afrika ya Kaskazini na Misri, kwa meli ambazo majira ya baridi hazikuthubutu kung'oa nanga. Mji uliishi kwa akiba. Mwaka 123 kabla ya Kristo, Gaius Gracchus alipitisha sheria ya kuwauzia raia ngano kwa bei nafuu, akajenga na ghala za kuiwekea. Mwaka 58 kabla ya Kristo mwanasiasa mwingine, Clodius, akaitoa bure kabisa. Ukishaanza kugawa bure, kuacha ni shughuli: zamu ya Julius Caesar ilipofika wapokeaji walikuwa 320,000, naye akawakata hadi 150,000. Mrithi wake Augustus aliweka ofisa maalumu wa kusimamia annona. Neno hilo lilianza kwa maana ya mavuno ya mwaka, likaja kuwa bei ya nafaka, kisha idara ya serikali, na mwishowe mungu wa kike aliyechorwa kwenye sarafu akiwa na masuke ya ngano, pengine na gubeti la meli kando yake.

Ghala zenyewe, horrea, zilijengwa na watu waliowajua maadui wa nafaka kwa majina: unyevu, panya, moto na mwizi. Kuta zilikuwa nene, madirisha membamba, na sakafu iliinuliwa juu ya viguzo vifupi ili hewa ipite chini. Huko Ostia, mji wa bandari ya Roma, bado limesimama lango la matofali la ghala la Epagathus na Epaphroditus, lililojengwa katikati ya karne ya 2. Majina hayo ni ya Kigiriki, na wataalamu huwaona wenyewe kuwa watumwa walioachwa huru wakatajirika. Mjini Roma kwenyewe, karibu na kilima cha Aventino, palikuwa na maghala makubwa ya Galba, na jirani yake pana kilima kingine, Monte Testaccio, chenye urefu wa karibu mita 35, ambacho hakuna hata jabali moja ndani yake. Chote ni vigae vya mitungi ya mafuta ya zeituni, mingi ikiwa imetoka kusini mwa Hispania. Mtungi ulioshika mafuta huchacha na haufai tena, basi ulivunjwa na vigae vikapangwa kwa utaratibu. Baadhi yake vina maandishi ya wino mpaka leo: uzito wa mafuta, jina la mfanyabiashara, alama ya ukaguzi. Jalala hilo limetunza hesabu vizuri kuliko ofisi nyingi.

Dola ya magharibi ilipovunjika, Roma ikanywea hadi kuwa mji wa watu makumi ya maelfu tu. Neno horreum likatoweka vinywani mwa watu. Mkulima alibaki na granaio, mahali pa nafaka, ambapo kwa wengi palikuwa darini juu ya vyumba vya kulala. Annona ilidumu kwa kuwa lilikuwa neno la ofisi, na ofisi haifi upesi. Mapapa waliirithi. Mwaka 1575 Papa Gregory XIII alichukua sehemu ya magofu ya hamamu za Kaizari Diocletianus akaigeuza ghala za ngano, na mapapa waliomfuata wakaziongeza.

Lakini sanaa ya kuhifadhi mali ya biashara Waitalia walijifunza upya, na walimu wao walikuwa Waarabu. Waislamu walianza kuiteka Sicilia mwaka 827, wakaishika Palermo mwaka 831, na utawala wao ulidumu huko zaidi ya karne mbili. Wakati huohuo na baadaye, meli za Amalfi, Pisa, Genova na Venezia zilikuwa zikitia nanga Tunis, Bijaya na Aleksandria. Huko ndiko baharia wa Kiitalia alikookota magazzino, kutoka makhzan ya Waarabu, pahali pa kutunzia mali. Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kamusi hapa, maana hazina yetu imetoka mzizi huohuo. Wanormani walipowanyang'anya Waarabu Palermo mwaka 1072, hawakuivunja diwani iliyoshika daftari za kodi, bali waliitumia. Kutokana na diwani Waitalia wakapata dogana, forodha. Neno moja likazaa ofisi ya ushuru kule, na huku kwetu likazaa mheshimiwa wa kata. Hata arsenale, kiwanda kikuu cha meli cha Venezia pamoja na ghala zake za kamba, lami na silaha, ni dar as-sinaa, nyumba ya kazi za mikono. Ndani yake imo sanaa yetu.

Baba yake Leonardo wa Pisa, ambaye ulimwengu unamwita Fibonacci, alikuwa karani wa wafanyabiashara wa Pisa kwenye forodha ya Bijaya, nchi ambayo sasa ni Algeria. Mtoto alipelekwa huko kujifunza hesabu, na kitabu chake cha mwaka 1202 ndicho kilichoeneza tarakimu za Kihindi na Kiarabu miongoni mwa wachuuzi wa Italia. Mtu aliyezoea kuhesabu magunia kwa herufi za Kirumi ataelewa faraja iliyokuwamo.

Katika miji hiyo ya Waarabu mgeni alipewa funduq: jengo lenye ua katikati, chini ghala, juu vyumba vya kulala. Waitalia waliliita fondaco. Venezia ilikuwa na mawili Aleksandria. Lilikuwa jengo la heshima, lakini ufunguo wake ulishikwa na wenyeji. Usiku, na wakati wa sala ya Ijumaa, lango lilifungwa kwa nje, Mvenezia akabaki ndani na pilipili yake. Serikali ya Wamamluki, watawala wa Misri, ilijua nani ameingia na nini kimetoka, na ushuru kiasi gani unadaiwa.

Wavenezia hawakuona tusi katika jambo hilo. Waliona akili, wakaipeleka kwao. Tangu karne ya 13, karibu na daraja la Rialto, walikuwa na Fondaco dei Tedeschi, jengo ambalo wafanyabiashara wa Kijerumani walilazimika kufikia. Bidhaa zao zilipimwa humo na kutozwa ushuru humo, wakifuatwa na madalali walioteuliwa na serikali. Jengo hilo liliungua mwaka 1505, likajengwa upya na kuchorwa na Giorgione na Titian. Mwaka 1621 Waosmani nao wakapewa la kwao kwenye Mfereji Mkuu. Yule aliyefungiwa Aleksandria akawa ndiye anayefungia wenzake nyumbani.

Kwa chakula, Venezia ilikuwa na hofu kuliko miji mingine, kwani ilikuwa mji usio na shamba hata moja, umekaa juu ya maji ya chumvi. Baraza lilikuwa na maofisa wa nafaka walioripoti kiasi kilichomo ghalani, na ofisi ya ngano iliyokuwa na fedha nyingi kiasi cha kupokea amana na kulipa riba kama benki. Pembeni ya uwanja wa San Marco zilisimama ghala za Terranova, ambazo utawala wa Napoleon ulizibomoa kutengeneza bustani ya kifalme. Palikuwa na maghala ya unga, na palikuwa na Fondaco del Megio, ghala la nafaka ndogo ya jamii ya uwele. Tajiri hakuila nafaka hiyo kwa hiari. Sifa yake ilikuwa kwamba hukaa miaka mingi bila kuharibika pale ambapo ngano ingekwisha kuingia fukusi. Waliiweka kwa ajili ya siku ya kuzingirwa na adui, wakiomba isifike.

Firenze ilikuwa na desturi nyingine. Soko lake la nafaka lilikuwa Orsanmichele, na palepale sokoni palikuwa na picha ya Bikira Maria iliyosifika kwa miujiza. Ujenzi mpya ulipoanza mwaka 1337, ghorofa ya chini ilikuwa soko lililo wazi na za juu zilikuwa ghala. Ndani ya nguzo zake kuna mifereji iliyoshusha nafaka kutoka juu, na matundu yake yanaonekana bado, ingawa jengo limekuwa kanisa kwa karne nyingi. Sijui mfano bora wa ghala na altare kuishi nyumba moja.

Muuza nafaka mmoja wa soko hilo, Domenico Lenzi, aliandika bei za Orsanmichele kuanzia mwaka 1320 hadi 1335. Kitabu chake ni daftari la dukani, lakini njaa ya mwaka 1329 ikamfanya mwandishi wa habari. Anasimulia jinsi Siena ilivyowafukuza maskini wake, nao wakatembea hadi Firenze ambako walipokewa. Lenzi alikuwa Mfirenze na hakuwapenda Wasiena, kwa hiyo ukali wake upunguzwe kidogo. Hata hivyo bei haziongopi, na daftari lake linaonyesha jinsi siku moja ya uvumi ilivyotosha kupandisha gunia.

Kusini, katika uwanda wa Puglia, nafaka ilifukiwa ardhini. Foggia na Cerignola zilikuwa na viwanja vizima vya mashimo yaliyochimbwa na kusakafiwa, yakafunikwa kwa mbao na kichuguu cha udongo. Kule Cerignola mamia ya mashimo yapo hadi leo, kila moja likiwa na jiwe lenye namba na herufi za jina la mwenyewe. Palikuwa na mafundi waliofanya kazi ya kufungua na kufunga mashimo tu, kwa kuwa hewa ya shimo lililofungwa muda mrefu huua. Ngano ya huko na ile ya Sicilia, iliyokusanywa kwenye ghala za pwani zilizoitwa caricatori, ililisha miji ya mbali. Swali la nani aruhusiwe kuisafirisha lilimwaga damu. Mei 1585, baada ya nafaka kupelekwa Hispania na mkate wa Napoli kupunguzwa uzito, umati ulimuua Giovan Vincenzo Starace, mwakilishi wa wananchi katika baraza la mji. Aliyechaguliwa kuwasemea ndiye waliyemkuta karibu.

Milano, mwaka 1628. Mavuno mawili mfululizo yalikuwa mabaya, na gavana wa Kihispania, Gonzalo de Córdoba, alikuwa mbali akiizingira ngome ya Casale. Aliyebaki mjini, Kansela Mkuu Antonio Ferrer, aliona mkate umepanda bei akaamua kuushusha kwa amri. Aliweka bei kana kwamba moggio ya ngano, kipimo cha huko, inauzwa lira 33, huku sokoni ikifika 80. Watu walifurahi, wakapanga foleni, wakanunua kuliko wanavyokula. Waokaji wakafanya kazi usiku na mchana wakipata hasara kwa kila mkate, wakalalamika, na tume ikaundwa ikapandisha bei tena. Asubuhi ya tarehe 11 Novemba, siku ya Mtakatifu Martino, vijana wa matanuri walipotoka na vikapu vya mikate, watu wakawavamia.

Umati ulikwenda kwenye tanuri moja karibu na kanisa kuu, ukavunja milango, ukabeba unga kwa magunia, kwa aproni na kwa kofia. Unga mwingine ulimwagika barabarani. Vyombo vya kukandia, madawati na mapipa vilipelekwa uwanjani vikachomwa moto. Kisha wakaelekea nyumbani kwa ofisa wa chakula wa mji wakitaka kumuua, na Ferrer mwenyewe akaja na gari lake la farasi akamtoa kwa hila, akiwaambia watu kwamba anampeleka gerezani. Wanne walinyongwa baadaye. Tarehe 15 Novemba ikatoka amri nyingine: mwenye nafaka au unga nyumbani asinunue zaidi, na mtu yeyote asinunue mkate kupita mahitaji ya siku 2.

Mambo haya tunayajua kwa undani kwa sababu Alessandro Manzoni aliyaweka katika riwaya yake I promessi sposi, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1827, ambayo kila mwanafunzi wa Italia huisoma apende asipende. Manzoni alizichimba amri za zamani na kumbukumbu za mji, kisha akamtumbukiza kijana wake wa kubuni, Renzo, katikati ya umati. Anachokionyesha vizuri kuliko wachumi ni imani ya mtu mwenye njaa kwamba chakula kipo, ila kimefichwa. Kila mmoja Milano alijua ghala lililojaa ngano ya mlanguzi, isipokuwa hakuna aliyeweza kuwapeleka wenzake hadi mlangoni. Waliochoma madawati ya mwokaji siku ile waliharibu kile ambacho kingewaokea mkate kesho yake. Mwaka 1630 tauni ikalipuka, ikawakuta watu waliokwisha dhoofika.

Uchungu wa Manzoni ulikuwa na ukoo. Babu yake mzaa mama alikuwa Cesare Beccaria, anayekumbukwa kwa kupinga adhabu ya kifo, lakini aliyetumia miaka mingi ya utumishi wake serikalini Milano akishughulikia mambo ya annona. Karne yao ya 18 ilikuwa karne ya mabishano kuhusu ghala. Shemasi mkuu wa Siena, Sallustio Bandini, alikuwa amekwisha kuandika kwamba sheria za kuzuia nafaka isitoke ndizo zilizoufukarisha uwanda wa Maremma. Njaa kubwa iliyopiga ufalme wa Napoli mwaka 1764 ikawatia wengi shaka juu ya maghala ya serikali. Mwaka 1767 Mtawala Pietro Leopoldo wa Toscana akaifungulia biashara ya nafaka. Ferdinando Galiani wa Napoli aliwajibu watetezi wa biashara huru kwa kitabu cha mazungumzo ya kejeli kilichotoka Paris mwaka 1770: yanayofaa nchi moja hayafai nyingine, na nafaka si kitambaa. Nafikiri Galiani ndiye aliyekuwa karibu zaidi na ukweli, ingawa alikuwa na tabia ya kufurahia hoja kuliko jibu.

Vijijini, mbali na mabishano hayo, palikuwa na kitu cha unyonge kilichofanya kazi: monti frumentari, akiba za pamoja zilizoenezwa tangu mwishoni mwa karne ya 15, hasa na mahubiri ya Wafransisko. Mkulima alikopa mbegu wakati wa kupanda, akarudisha wakati wa mavuno pamoja na nyongeza kidogo. Nyingi ziliharibika pale wakubwa wa kijiji walipoanza kukopa bila kurudisha.

Umoja wa Italia haukumaliza habari ya mkate. Mei 1898, bei ilipopanda, Milano iliandamana tena, na Jenerali Bava Beccaris akapiga mizinga mitaani. Serikali ilikiri raia 80 waliouawa. Mfalme Umberto alimpa jenerali nishani, na mwaka 1900 mfalme huyo akapigwa risasi na Gaetano Bresci, aliyesema analipiza kisasi cha Milano.

Kisha akaja Mussolini na vita vyake vya ngano, vilivyotangazwa mwaka 1925. Italia ijilishe yenyewe, isiagize. Picha zilipigwa akipura nafaka kifua wazi, na maghala ya saruji yakainuka karibu na stesheni za reli. Juni 1936 ikatoka sheria ya ammasso, lundo la lazima: mkulima atapeleka ngano yake yote kwenye ghala lililoidhinishwa, abakishe tu ya familia na ya mbegu, na bei itapangwa na serikali. Waliosimamia sehemu kubwa ya maghala hayo walikuwa Federconsorzi, muungano wa vyama vya wakulima ulioanzishwa Piacenza mwaka 1892 ili wanachama wake wanunue mbolea na zana kwa pamoja. Chombo cha kujisaidia kikageuka mkono wa dola.

Vita ilipoanza, neno annona liliamka tena baada ya usingizi mrefu, safari hii kwenye kadi ya mgao, tessera annonaria. Kuanzia tarehe 1 Oktoba 1941 mkate ulikuwa gramu 200 kwa mtu kwa siku. Machi 1942 zikawa 150, na unga ulichanganywa na vitu ambavyo mwokaji hakupenda kuulizwa. Wakulima wakaanza kufanya imboscare, yaani kupeleka msituni, neno ambalo vita iliyotangulia ililitumia kwa vijana waliokwepa kwenda mstari wa mbele. Sasa waliokwepa ni magunia. Ngano ilizikwa chini ya zizi, ikafichwa ndani ya kuta, ikasagwa usiku kwa mashine za mkono, ikauzwa kwa magendo kwa bei mara nyingi ya ile halali. Mkaguzi wa serikali alipofika, alikuta dari limefagiliwa.

Mwaka 1944, katika nusu ya nchi iliyokombolewa, waziri mpya wa kilimo alikuwa mkomunisti kutoka Calabria, Fausto Gullo. Wakulima walimpenda kwa amri zake zilizopunguza sehemu ya mavuno iliyochukuliwa na mwenye shamba. Lakini miji ilikuwa na njaa, na Gullo hakuwa na njia ya kuilisha isipokuwa ileile. Alibadilisha jina la lundo la lazima likawa Granai del popolo, Ghala za Wananchi, na wito ukawa wa uzalendo. Mizani na wapimaji walibaki walewale, na magunia mengi yaliendelea kubaki msituni. Federconsorzi iliendelea kusimamia maghala kwa miongo mingine, ikawa nguzo ya chama tawala cha Kikristo vijijini, hadi ilipoelemewa na madeni na kuwekwa chini ya wasimamizi mwaka 1991.

Neno ammasso nalo halikubaki ghalani. Baada ya vita Giovannino Guareschi, mtunzi wa hadithi za Don Camillo, alikuwa akiwachora wakomunisti katika jarida lake la Candido wakiwa na matundu matatu ya pua, na akawasema kwamba wamekwisha kuupeleka ubongo wao ammasso, kwenye lundo la lazima, chama kiutunze kwa niaba yao. Wakomunisti walikasirika sana. Msemo ukahama kutoka kwao ukawa wa wote, na leo Mwitalia humtupia shabiki wa timu, mfuasi wa kasisi au mpigakura wa chama chochote, hata kama babu yake yeye mwenyewe alificha ngano chini ya zizi.